Mwaka Niliosema Ni Rezo

Kilioni kwa Mama Séraphine, kule Mapendo, walinipa kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni, mahali wanapoketishwa watu ambao hakuna anayejua ni wa nani. Sikulalamika. Nilikuwa nimefika peke yangu, bila mtu wa kunitambulisha, na chini ya turubai ndugu za marehemu walikuwa wachache kwa sababu barabara ya Butembo haikupitika wiki ile. Mzee mmoja wa kwaya aliyekaa pembeni yangu alinitazama viatu, akanitazama uso, kisha akauliza lile swali ambalo mgeni wa kilio halikwepi: "Weye uko mutu ya nani hapa?" Nilikuwa na jibu tayari. "Tulitumika pamoja ku kazi, muzee." Akaridhika, akarudi kwenye chai yake. Mimi chai yangu ilipoa mkononi. Miaka yote hii nimekuwa nikijiandaa kwa swali lile, na nilipoulizwa nilijibu kwa sauti ileile tamu niliyojibia simu nikiwa kijana, na niliisikia mwenyewe, nikaona haya kama mtu aliyevuliwa shati mbele ya watu.

Mambo ya kwetu na wazazi wangu nitayaacha, hayana hatia katika jambo hili. Nianzie chumba. Kilikuwa ghorofani, Birere, mjini Goma, juu ya duka la misumari, mabati na rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi tangu asubuhi hadi jioni ikaingia hata kwenye mkate. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Tulikuwa watu watatu. Mwenye kampuni tulimwita Ingénieur Trésor, mtu wa Bukavu, mrefu, nadhifu, aliyepiga pasi hata suruali ya jinzi. Programu yetu aliitunga yeye mwenyewe: iliweka fiche, yaani kadi za wagonjwa, kwenye kompyuta badala ya yale makabati ya karatasi yaliyojaa katika vituo vya afya vya mjini. Nadège, msichana wa Masisi, ndiye aliyezifunga kompyuta kwa wateja na kuzitengeneza zikigoma. Mimi nilikuwa mtu wa simu. Kwenye karatasi Trésor aliniandika chargé de clientèle, mhudumu wa wateja, cheo nilichomtajia kila niliyekutana naye, hata mwuza sabuni. Saa sita Nadège alitandika gazeti mezani, akakata chizi, ile jibini ya kwao, vipande vinene, tukala na mkate na chai, huku chini wasukuma tshukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, na watu wa moto, yaani pikipiki, wakitukanana kugombea njia. Nilikuwa na furaha mwaka ule, na sitaificha, maana aibu hii haina maana yoyote bila ile furaha. Nilikuwa na shati jeupe, simu ya kampuni, na watu wazima walioniita "Monsieur Kambale".

Trésor alikuwa na daftari la jalada bluu ambamo aliandika majibu ya kumpa mteja. Nilikabidhiwa siku ya kwanza, kama mwanakwaya anavyokabidhiwa kitabu cha nyimbo. Mle ndani neno "kosa" halikuwemo hata mara moja, wala neno "sisi". Kompyuta ikizima: courant, yaani umeme. Ikichelewa: joto. Jambo lolote lisilokuwa na jina: rezo, yaani mtandao. "Goma hapa," aliniambia, "mutu ukimwambia ni rezo, anakuonea huruma. Rezo haina mwenyewe. Lakini ukimwambia umekosea, kuanzia ile siku atatafuta makosa yako mpaka ku chakula yako." Niliona hekima kubwa. Na kweli ilifanya kazi. Benki ilisema rezo, posta ilisema rezo, wanafunzi walisema rezo walipochelewa shuleni, na nilipomwambia mteja kwa upole, "Ni rezo, mama, mutuvumilie kidogo," alishusha pumzi na kunitakia siku njema. Nilifikia hatua ya kujisifu kwamba hakuna mteja aliyekata simu yangu akiwa bado na hasira. Nadège alinitania kwamba nikipewa kumtangazia mtu msiba, atanishukuru na kuniagiza salamu kwa familia.

Mteja niliyempenda kuliko wote alikuwa Mama Séraphine. Alikuwa titulaire, muuguzi mkuu wa kituo kidogo cha afya cha Keshero, chenye vyumba vinne vilivyopakwa rangi ya kijani nusu ya ukuta, uwanja wa mawe meusi, na jiko la makaa nyuma ambapo ndugu za wagonjwa walipika. Alikuwa mfupi, mzito, mwenye kutembea polepole na kusema haraka. Kompyuta yetu aliifunika kwa kitenge cha maua kama mtoto aliyelala, na kabla ya kuiwasha alifuta mikono. Kila nilipokwenda kumtembelea, alinilisha. Mara nyingi ilikuwa sambaza, wale dagaa wa ziwani, za kukaanga na foufou ya muhogo, juu ya meza ileile ya kuandikia, sahani kati ya stetoskopu na kikombe cha kalamu. Na alipenda kunitania kwa jina. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akaita kwa sauti, "Kambale," na wanaume watatu waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Akacheka mpaka akashika nguzo. "Umeona? Ba Kambale bako wengi kama majani. Weye uko Kambale wa nini?" Nikamwambia mimi ni wa kompyuta. "Aya, Kambale wa Mashini. Sasa najua kwa kukuweka."

Wasiotoka kwetu naomba wanisikilize hapa kidogo. Sisi Wanande jina la mtoto linafuata zamu ya kuzaliwa. Mwana wa kiume wa pili ni Kambale, binti wa kwanza ni Masika, na wengi huongezewa jina la baba. Kwa hiyo binti wa kwanza wa kila mzee Paluku ni Masika Paluku, na wazee Paluku hawahesabiki. Mwaka wa kuzaliwa nao, kwa wengi, ni wa kukisia. Mama Séraphine alilijua hilo tangu ujana wake kazini, na kwenye fiche za karatasi aliandika kwa wino mwekundu, chini ya kila jina, alama ya kumtambua mwenyewe: wa makala, yaani mkaa, wa mashini ya kushona, wa nyuma ya kanisa. Kompyuta zilipokuja, yeye na Nadège walikaa siku nyingi wakiyanakili yale maandishi mekundu katika kisanduku kidogo kilichoitwa Observation. Karatasi zenyewe alizifunga katika magunia ya unga wa muhogo akaziweka stoo. Nilimwambia anaweza kuzichoma. Akanijibu kwamba karatasi haiombi chakula, acha ikae.

Mwaka ule, baada ya Pasaka, Trésor alitunga toleo jipya. Yeye alikuwa amekerwa na majina yanayojirudia. Aliyaita doublons, na aliyaona kama uchafu: mgonjwa mmoja aliyeandikwa mara mbili na muuguzi mzembe. Basi akaipa programu amri mpya. Ikikuta majina sawa na mwaka wa kuzaliwa sawa, ihesabu ni mtu mmoja, ibakize fiche ya kwanza, ifute ya pili. Aliniita mbele ya kioo. "Weye ni Munande, angalia kama majina iko sawa." Nikaangalia. Kwenye orodha ya majaribio kulikuwa na Kambale Paluku wawili. Akabonyeza, akabaki mmoja. Na mimi mwenyewe ninaitwa Kambale Paluku. Darasani kwetu tulikuwa wanne wa jina hilo na mwalimu alituita kwa namba. Mimi nilikuwa Kambale Paluku wa Tatu. Nilimwona mwenzangu akifutwa pale kiooni na nikasema, "Iko sawa, Ingénieur. Iko propre, safi kabisa." Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikusahau jina langu. Nadhani niliona haya na zile hesabu za kijijini, za wa kwanza na wa pili, mbele ya mtu aliyepiga pasi jinzi. Nilitaka nionekane mtu wa kisasa. Neno moja tu lilihitajika pale, na mtu pekee chumbani aliyekuwa nalo alikuwa mimi.

Vituo vyetu havikuwa na intaneti, kwa hiyo Nadège alilibeba toleo jipya kwenye flashi mfukoni, akapanda moto, akapita kituo hadi kituo kulichomeka mwenyewe. Jumatatu na Jumanne alimaliza vyote. Jumatano asubuhi alipanda ngazi mbiombio, akapita mezani kwangu bila salamu, akaingia kwa Trésor. Kati yao na mimi kulikuwa na ukuta wa triplex, ubao mwembamba, na triplex haifichi siri. Nilisikia Nadège akisema amekuta kituo kimoja kimepoteza fiche nyingi, kwamba watu wamefutwa, watu wazima wenye magonjwa yao. "Tubaite bote leo," alisema. "Tubaambie batumie makaratasi mpaka tutengeneze." Trésor akajibu taratibu, na nilisikia kiti chake kikilia. "Tukibaambia ivyo, Nadège, tumekwisha. Kuko batu benye kutaka kutuletea vituo ya Masisi yote. Banatuangalia hii wiki. Nipe siku ine, nitairudisha polepole, hakuna mutu atajua." Nadège akauliza: "Na siku ine ile, bagonjwa batafanya nini?" Sikusikia jibu, kwa sababu simu yangu ililia.

Alikuwa Mama Séraphine. Sauti yake haikuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyepoteza funguo nyumbani kwake. "Kambale, jana nilikuwa na ba Masika Paluku babili. Leo niko na moja. Ule mwingine ameenda wapi?" Nikasema, "Ni rezo, mama." Lilitoka lenyewe, kama kikohozi. Akauliza: "Ni rezo njo imemumeza?" Nikacheka kile kicheko changu cha kazini, nikamwambia ekipi yetu ya mafundi inashughulika, avumilie kidogo. Hapo angeweza kukata simu kama wengine wote. Hakukata. Alisema maneno ambayo ninayasikia hata sasa ninapoandika: "Mutoto yangu, miye si mutu wa mashini. Niambie ile ungeambia mama yako. Nirudilie makaratasi, ao niaminie mashini?" Magunia yalikuwa stoo. Ilikuwa kazi ya siku moja, siku mbili, na angeifanya bila kunung'unika kama ningesema. Nyuma ya triplex wote wawili walikuwa wamenyamaza. Nilijua wananisikiliza. Nilijua pia, kwa sababu nilikuwa nimesikia kila kitu, kwamba fiche imefutwa na hairudi yenyewe. Nikasema, "Aminia mashini, mama. Rezo ikirudi, bote batarudi." Akajibu, "Aya. Nimesikia kwako." Trésor alitokea mlangoni akaninyanyulia kidole gumba, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Ijumaa, mwanamke mmoja fundi wa kushona alifika kituoni Keshero na koo lililovimba na homa kali. Aliitwa Masika Paluku. Mama Séraphine alifuta mikono, akafungua kompyuta, akasoma kisanduku cha Observation. Kilikuwa na neno moja tu, makala, maana fiche iliyobaki ilikuwa ya yule mwingine, mwuza makala. Akanikumbuka, akakumbuka kwamba rezo imechanganya mambo kidogo lakini mashini ni ya kuaminiwa, akaichukua fiche ile kuwa ya huyu, na haikukataza dawa yoyote. Mgonjwa mwenyewe hakuweza hata kusema. Kwenye fiche iliyofutwa, na kwenye karatasi iliyokuwa gunia la pili stoo, kuliandikwa kwa wino mwekundu: wa mashini ya kushona, penisilini hapana. Akamchoma penisilini. Mwanamke yule alianguka kabla sindano haijatupwa. Walimbeba kwa gari la padri hadi hospitali kubwa, akakaa siku mbili bila kumtambua hata mumewe. Alipona. Nasema alipona, na kila ninapolisema ninajikuta nikitaka kulisema kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba kupona kwake kunanipunguzia kitu.

Komite ya kituo ilikutana wiki iliyofuata, katika chumba kilekile cha kijani nilimokula sambaza. Benchi zilipangwa ukutani. Rais wa komite alikuwa mzee mmoja mwalimu mstaafu, mtu wa heshima, asiyekuwa na ubaya wowote. Trésor alizungumza vizuri sana, kwa Kifaransa kwanza kisha kwa Kiswahili. Alisema mashini inafanya lile inaloambiwa na mtu, kwamba fiche zinazofanana zinaonyesha mwandishi hakuwa makini, na kwamba muuguzi mwenye uzoefu humwuliza mgonjwa, hategemei kioo. Kila neno lilikuwa na chembe ya ukweli. Kisha rais akanigeukia: je, Mama Titulaire alitujulisha kwamba kuna shida? Nilisimama. Nilivaa lile shati jeupe. Nikasema, "Ndiyo, muzee, alinipigia. Nilimwambia kuna shida ya rezo, avumilie kidogo." Nikakaa. Sikuongeza alichoniuliza, wala nilichomjibu.

Mama Séraphine alikuwa ameketi pembeni ya kompyuta, mikono mapajani, koti jeupe limefungwa hadi kifungo cha mwisho. Alinyanyua uso. "Rezo gani?" aliuliza. Hakuuliza kwa ukali. "Ile mashini haina rezo. Tangu muliileta hapa, iko tu na courant. Hakuna kamba ingine." Watu wote wakatazama kompyuta. Ulitoka waya mmoja mweusi, ukaenda kwenye soketi, basi. Hapo ndipo nami, kwa mara ya kwanza, nilipouona uongo wangu ulivyokuwa mjinga. Mwaka mzima nilikuwa nimewaambia watu rezo imekatika kwenye mashine ambazo hazikuwa na rezo, na hakuna mmoja aliyeniuliza, hata mimi sikujiuliza. Nilifikiri basi tumekwisha. Lakini mtu mmoja kwenye benchi alicheka kidogo, cheko la kumwonea huruma mama wa watu asiyejua mambo ya kisasa, na rais akasema kwa upole, kama anavyomweleza mwanafunzi mzito, "Mama, rezo ni rezo." Wengine wakaitikia kwa vichwa. Mama Séraphine akanitazama. Alikuwa na sentensi yangu mdomoni mwake, aminia mashini, mama, na angeitoa pale ningeanguka mbele ya wote. Hakuitoa. Alinipa nafasi niitoe mwenyewe. Nilitazama viatu vyangu, na ninakumbuka kamba ya kushoto ilikuwa imelegea. Alingoja muda wa kutosha, kisha akasimama, akakikunja kitenge cha maua kilichokuwa kikifunika kompyuta, mara mbili, mara nne, akakiweka kwenye mkoba wake. Mwisho wa mwezi walimwondoa kazini.

Nadège hakuwepo siku ile. Trésor alikuwa amemtuma hadi mji wa Sake kwa kazi isiyokuwepo. Aliporudi na kusikia, alichukua simu yake mwenyewe, akakaa kwenye ngazi, nje ya mlango wetu, akawapigia wateja mmoja mmoja. Nilimsikia wazi. "Ni Nadège. Tulikosea. Ile mise à jour, ile toleo mupya, imefuta batu. Rudilia makaratasi leo, nitakuya kutengeneza mwenyewe." Tulikosea. Nilidhani simu zitawaka moto. Wateja walimshukuru, wengine walimpa pole, na hakuna hata mmoja aliyerudisha kompyuta. Alipomaliza aliingia, akachukua kisu chake cha chizi, akaniaga kwa kunitazama tu. Alikwenda kituo hadi kituo akarudisha fiche kutoka kwenye nakala zake, wiki tatu, bila mshahara, kisha akarudi kwao na sijamwona tena. Trésor aliniambia niongeze ukurasa wa majibu kwenye daftari la bluu. Mimi nilikaa kampuni ile miezi minane zaidi. Wakubwa husema mficha maradhi kilio humuumbua, ila mimi kilio kilichukua miaka mingi kunifikia.

Sasa nina kampuni yangu, chumba si kikubwa kuliko kile, na vijana watano. Ukutani nimebandika karatasi yenye kanuni zetu za kumwandikia mteja toleo jipya linapoleta shida: anza na neno tumekosea; mwambie kilichoharibika kwa maneno ambayo shangazi yako ataelewa; mwambie afanye nini leo, si kesho; na kama hujui, sema hujui. Vijana wananiheshimu kwa kanuni hizo. Mwaka jana niliitwa kuzungumza na wanafunzi wa chuo, na mmoja akaniuliza nilijifunzia wapi uaminifu huu. Nikasema, "Ku kazi." Wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Kanuni zile zote nimeziiba kwa watu wawili, kwa msichana aliyekaa kwenye ngazi na kwa mama aliyeuliza swali moja, na nimezivaa kama shati langu. Mara ngapi nilipanda moto kwenda Mapendo alikohamia Mama Séraphine, nikafika hadi kwenye bomba la maji karibu na kwake, nikageuka. Nilijiambia simkuti, nilijiambia anapumzika. Mara moja nilijiambia nimempigia simu ikawa haipatikani, na neno lililonijia kichwani, nikiwa peke yangu, bila mteja wala Trésor, lilikuwa rezo.

Kwa hiyo nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki kilioni kwake, chai baridi mkononi, mwanamke mmoja akatoka jikoni na sahani. Sambaza na foufou. Alikuwa mwembamba, mvi mbele ya kitambaa, sindano mbili zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi yake. Akaniambia nile, safari haimalizwi na njaa. Nikamshukuru, nikamwuliza jina, kwa adabu tu. "Masika Paluku," akasema, kisha akatabasamu kidogo kama mtu anayerudia maneno ya marehemu. "Si ule wa makala. Miye ni ule wa mashini ya kushona." Niliishika sahani kwa mikono yote miwili. Yeye hakuona, alikuwa amevuta kigoda akakaa, amechoka, anataka kuzungumza juu ya mtu wake. "Weye ulimujua? Basi nikuambie gisi alikuwa. Ile mwaka alinichoma sindano mubaya, karibu nikufe. Siku nilitoka hospitali, alikuya ku nyumba yangu, akapiga magoti chini, mutu muzima vile. Akaniambia: 'Masika, miye njo nilikosea. Nilisoma mashini, sikukusoma weye. Batakuambia ni rezo. Usibaamini. Haikukuwa rezo, ni miye.'"

Mzee wa kwaya alikuwa ameacha chai yake, anasikiliza. Masika akajifuta jicho kwa pembe ya kitenge. Nilikitambua kile kitenge, maua yake yalikuwa yamefifia lakini ni yaleyale. "Alikuwa anafukuzwa kazi, na badala ya kulalamika anakuya kuniomba miye pardon. Nikamwinua. Akaanza kunisaidia kushona vifungo, kila siku, miaka yote mpaka juzi. Hakunitajia jina ya mutu hata moja. Nilimuulizaka, nani alikuambia uaminie ile mashini, akasema tu, 'Ni mutoto, iko siku atakuya kusema mwenyewe.'" Akavuta pumzi, akanitazama sasa vizuri, na akauliza bila hila yoyote, kama mwenyeji anavyomwuliza mgeni: "Miye na yeye tulitumika pamoja. Na weye, ulimujulia wapi?"

Jibu langu lilikuwa tayari, lilikuwa limekwisha fika kwenye ulimi, la nusu, tamu, na mzee wa kwaya tayari alikuwa amelikubali. Niliweka sahani chini.

"Mama Masika," nikasema, "ile rezo ilikuwa miye."

Jikoni mtu alikuwa akiosha sufuria, na ile sauti ya maji ikakoma. Masika akasogeza kigoda chake karibu, akainamisha sikio.

"Rudilia," akasema. "Sikusikia muzuri."

Nikarudilia.